Degedege na Malaria ya Bandia: Uchambuzi wa Data za Mahojiano katika Utafiti wa Afya Ifakara

Utafiti wa afya mjini Ifakara ulishughulika na wadudu na vimelea kabla ya kuyageukia maneno ya watu. Mwaka 1957 Rudolf Geigy alianzisha hapo maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, chimbuko la Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Katika miaka ya 1990, malaria ilipokuwa tishio kubwa kwa watoto wa Bonde la Kilombero, ilibidi kujua pia wazazi waliuitaje ugonjwa na walianzia wapi kutafuta tiba. Mahojiano yakawa data, na suala la kuyachambua likazuka.

Njia nyepesi ni kuyagawa majibu mafungu mawili: maarifa sahihi na imani potofu. Tafiti za Bagamoyo zinaonesha udhaifu wake. Winch na wenzake (1996) walibaini kuwa degedege lilitofautishwa na homa ya malaria. Makemba na wenzake (1996) walieleza kuwa lilihusishwa na pepo mwenye umbo la ndege, na tiba yake ilianzia kwa mganga. Kwa daktari, mtoto huyo huenda ana malaria kali. Mchambuzi anayeandika "malaria" kila panaposemwa "degedege" hufuta sababu yenyewe ya mtoto kucheleweshwa hospitalini.

Ifakara kwenyewe, Hausmann Muela, Muela Ribera na Tanner (1998) walikwenda mbele zaidi. Wasailiwa wao waliyafahamu vema mafundisho ya hospitali kuhusu mbu, vimelea na dawa. Hata hivyo, homa isiposikia dawa, walieleza kuwa mchawi aweza kuleta malaria ya bandia, au kuvificha vimelea visionekane kwenye vipimo. Mganga huondoa kizuizi hicho, kisha dawa ya hospitali hufanya kazi. Kauli hizo zikikatwa vipande na kuwekewa misimbo tofauti, nusu huonekana elimu na nusu ujinga. Zikisomwa pamoja, ni hoja moja: uchawi unaeleza kwa nini tiba inayoaminika imeshindwa. Kwa watu hao, kampeni ya kurudia kuwa mbu huleta malaria haiongezi kitu.

Kwa hiyo, usimbaji hauna budi kufanyika katika nakala ya Kiswahili kabla ya tafsiri, jina la ugonjwa libaki kama lilivyotamkwa, na kisa kizima cha mgonjwa, si sentensi moja moja, kiwe ndicho kinachochambuliwa.