Kaliba si Kipenyo

Wachambuzi wa soka wa Dar es Salaam wamelizoea neno kaliba kuliko mafundi wa bunduki. Mshambuliaji mpya akisajiliwa, swali la kwanza ni kama ana kaliba ya timu kubwa, na hakuna anayedhani kwamba linaulizwa pande la mwili wake. Wafasiri wa maandishi ya kiufundi hawalipendi sana. Wakikutana na namba ya bunduki hukimbilia "kipenyo cha mtutu", ambalo ni Kiswahili fasaha na kila mwanafunzi wa hisabati analielewa. Mimi nawaunga mkono watu wa soka. Kaliba ni daraja, kipenyo ni kipimo, na mahali pazuri pa kuona tofauti hiyo ni kwenye bunduki ya upepo ya springi.

Wanaotafiti asili ya maneno wengi wao hulirudisha neno hili kwenye Kiarabu, kwenye qalib, yaani kitu kinachokipa kingine umbo lake. Likapita Italia na Ufaransa kabla ya kufika kwa Waingereza. Kumbe Kiswahili kilikuwa nalo tayari: kalibu, ambamo madini yaliyoyeyushwa husubiwa. Kaliba basi ni kalibu iliyozunguka Ulaya kabla ya kurudi pwani, na anayelikataa kwa sababu ni geni anamkataa ndugu yake. Niongeze pembeni kwamba neno risasi nalo limetupunguzia kazi, maana kwetu hutaja madini na pia kile kinachopigwa. Kwa bunduki za upepo majina hayo mawili bado yanakutana, kwa kuwa risasi zake nyingi hutengenezwa kwa risasi yenyewe: kichwa mbele, kiuno chembamba, na nyuma sketi iliyo wazi ambayo hewa huitanua ikabana kuta za mtutu.

Kaliba zinazojulikana zaidi ni nne: milimita 4.5, 5, 5.5 na 6.35. Kwa inchi huandikwa 0.177, 0.20, 0.22 na 0.25. Sasa chukua ile ya 0.22 uizidishe kwa 25.4. Unapata milimita 5.588, si 5.5, na hata hivyo maboksi huandika namba zote mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna bunduki ya baruti nayo inayoitwa 0.22, ile ndogo ya kujifunzia shabaha, na risasi yake ina unene wa karibu milimita 5.7. Ukiuchukulia mtutu wenyewe, kipenyo chake kina majibu mawili: kati ya matuta ya msokoto uliochongwa ndani, au kati ya mifereji yake. Zamani Waingereza walikuwa wawazi zaidi. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, kilichoanza kutoa bunduki za upepo mwanzoni mwa karne ya 20, kiliziita saizi tatu kati ya hizo Namba 1, Namba 2 na Namba 3, bila kudai kwamba kilichotajwa ni unene wa kitu.

Kipenyo halisi huanza kuhesabika ukishaingia ndani ya kaliba moja. Risasi za 4.5 huuzwa zikiwa na vichwa vya milimita 4.49, 4.50, 4.51 na 4.52. Ni tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita, lakini mlengaji makini huwa anazijaribu zote katika mtutu wake, kwa sababu kichwa kilichopwaya huyumba na kilichobana mno huharibika kikiingia. Mfasiri aliyekwisha kuiita 4.5 "kipenyo" hapa hana neno la kutajia 4.52.

Je, kaliba yenyewe ina athari gani kwa usahihi? Tuanze na mtambo. Mlengaji huvunja mtutu kwenye bawaba yake, au huvuta mkono wa pembeni, na springi nene inakandamizwa nyuma ya pistoni. Kifyatulio kikiiachia, pistoni inaruka mbele, inabana hewa hadi inapata joto kali, na hewa hiyo inapenya tundu jembamba na kuisukuma risasi. Pistoni ni nzito kuliko risasi mara nyingi sana. Inapokwenda mbele, bunduki inarudi nyuma. Inapokutana na mto wa hewa iliyobanwa, bunduki inasukumwa mbele. Yaani bunduki imeshaanza kucheza kabla risasi haijatoka mdomoni. Ndiyo maana bunduki hizi huadhibu mkono unaoshika kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho. Feinwerkbau wa Ujerumani walilikwepa tatizo hilo katika bunduki yao ya 300 kwa kuuweka mtambo juu ya reli, ukateleza nyuma wenyewe bila kumgusa mlengaji.

Kitako cha risasi ya 5.5 kina eneo kubwa kuliko cha 4.5 kwa karibu nusu. Shinikizo lilelile hupata mahali pengi zaidi pa kusukuma, ndiyo sababu springi ileile kwa kawaida hutoa nishati zaidi kidogo katika kaliba ya 5.5. Lakini risasi hiyo ni nzito na huchelewa zaidi ndani ya mtutu unaotikisika. Kwa upande wa pili, dosari ndogo ya kiwandani, au sketi iliyominywa na vidole vya baridi, ni sehemu kubwa zaidi ya mwili wa risasi ndogo. Faida na hasara hizi hukaribia kufutana. Kwa mita 10, bunduki mbili nzuri, moja ya kila kaliba, zinaweza kutoboa tundu moja lililochanika kwa risasi tano, na hakuna atakayejua ipi ni ipi bila kupima matundu.

Tofauti hutokea mbali, na chanzo chake ni mvutano wa dunia. Chukua nishati ya jouli 16, karibu na kikomo cha England na Wales kwa bunduki ya upepo isiyodai cheti cha silaha. Risasi ya 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547 itatoka kwa mita 242 kwa sekunde, ya 5.5 yenye gramu 1.03 itatoka kwa mita 176. Ukipuuza ukinzani wa hewa, hadi kufika mita 30 ya kwanza imeshuka sentimita 7.5 na ya pili 14. Kushuka si kosa, kwa kuwa darubini hurekebishwa. Kosa ni pale mlengaji anapokadiria mita 30 kumbe shabaha iko mita 35. Kwa hesabu hiyohiyo ya kurahisisha, ukiacha pia kimo cha darubini juu ya mtutu, risasi ndogo itapiga chini kwa sentimita 1.5 na kubwa kwa karibu 2.8. Katika mashindano ya uwanjani yaliyozaliwa Uingereza, ambako umbali hukadiriwa na mlengaji mwenyewe, tundu kubwa kuliko yote la shabaha ya chuma lina upana wa sentimita 4. Kutoka katikati hadi ukingo ni 2. Risasi ndogo imeingia, kubwa imegonga chuma. Hapo 4.5 imetawala, ingawa kwa haki tuseme imesamehe kosa la jicho. Haikuwa bunduki sahihi zaidi.

Wala wepesi hauna faida bila mpaka. Risasi nyepesi mno ya 4.5 katika springi yenye nguvu nyingi hukaribia mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, na katika eneo hilo huyumba. Wanaonunua bunduki kwa namba kubwa ya kasi iliyochapwa kwenye boksi wananunua tangazo.

Kanuni za mchezo nazo zina mkono wake. Kwenye karatasi, tundu likigusa mstari wa alama ya juu, mlengaji hupewa alama ile, kwa hiyo risasi nene ingekuwa na upendeleo wa nusu milimita kila upande. Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia mwaka 1984 Los Angeles, huruhusu 4.5 peke yake, na kitone cha kumi kina upana wa nusu milimita tu. Katika mchezo wa kengele unaochezwa kwenye baa za Uingereza, risasi hupita katika tundu la milimita 9.5 ili kuigonga kengele iliyo nyuma, na hapo upendeleo unageuka: wembamba ndio unaopita.

Kwa hiyo lebo ya boksi ningeitafsiri hivi: "Kaliba 4.5. Kipenyo cha kichwa mm 4.51. Uzito gramu 0.547." Na "usahihi" nisingeuandika kwenye boksi hata kidogo, kwa kuwa huo hupatikana mtutu ule, risasi ile na mkono ule vikishakutana.