Walioaga na Waliobaki: Historia Fupi ya Kanisa Kuu la Ukumbusho, Mombasa

Kanisa Kuu la Ukumbusho katika Barabara ya Nkrumah, kisiwani Mombasa, lilitabarukiwa mwaka 1905, na mwaka 2025 likatimiza miaka 120. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili ya maji, Frere Town ya Kisauni ilitimiza miaka 150 tangu shirika la kimisionari la Kianglikana, CMS, lilipoanza kuwapokea hapo watu waliokombolewa utumwani. Historia ya mahali hapa pawili ni moja, na kwa kawaida husimuliwa kwa utaratibu wa kufika: Krapf alifika 1844, Rebmann 1846, Price 1874. Utaratibu huo unaficha jambo kubwa. Karibu kila aliyefika aliondoka, ama kwa meli ama kwa kifo, na kila alipoondoka walikuwapo watu waliobaki na kazi mikononi. Nashikilia kwamba kanisa la Mombasa lilijengeka zaidi katika kuagana kuliko katika kupokeana, na kwamba hao walioaga wakabaki ndio wenye haki ya kwanza katika kumbukumbu hizi.

Tuanze na Wajerumani wawili waliotumwa na shirika hilo la Waingereza. Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa akiwa na barua ya Sayyid Said wa Unguja, na katika miezi yake ya kwanza alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohedin wa Barawa. Julai 1844 akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa Nyali, na mwaka 1853 akarudi Ulaya. Johannes Rebmann yeye alibaki miaka 29, sehemu kubwa huko Rabai, bila kwenda kwao hata mara moja. Mkewe alifariki huku mwaka 1866, mtoto wao alikuwa ametangulia, na macho yake yakafifia hata akawa karibu kipofu. Alipoondoka 1875 hakuwa na uwezo wa kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono akavuka naye bahari alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai. Rebmann alifariki mwaka uliofuata huko Korntal, Ujerumani. Vitabu vingi humtaja Nyondo kwa sentensi moja, kama mtumishi aliyebeba mizigo. Lakini tendo lake lina uzito wa ushahidi: familia ya Kirabai ilimtoa kijana wake amsindikize mzee wa watu hadi kwao, jambo ambalo kwa desturi zetu za pwani hufanyiwa ndugu, wala halifanyiwi mgeni wa kupita.

Mwaka ambao Rebmann aliondoka ndio Frere Town ilipoanza, na hapo ndipo suala la kuaga linakuwa zito zaidi. Wengi wa wakazi wake hawakuwa watu wa Mombasa. Walikuwapo mateka, kama walivyoitwa, walioshushwa kutoka majahazi ya watumwa yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Walikuwapo pia Waafrika waliokombolewa utotoni, wakapelekwa India na kusomeshwa katika kituo cha Sharanpur karibu na Nasik. Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wameshatangulia kufika pwani tangu 1864. Hawa wote walikuwa ugenini mara mbili. Walitengwa na wazazi wao wasiojua wako wapi, na mji wa Mombasa uliwaona kama watu wasio na ukoo wala mtaa. Kwa hiyo walifanya wamisionari kuwa jamaa, na wao kwa wao wakafanyana ndugu. William Salter Price, aliyeasisi kijiji hicho, aliondoka baada ya muda mfupi, akarudi, akaondoka, akaja mara ya tatu 1888. Kila safari yake ilikuwa na mwisho kwa sababu alikuwa na kwao. Jones na Semler hawakuwa na meli ya kuwarudisha popote, na katika tofauti hiyo ndimo nguvu ya taasisi ilimolala.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Kisha akaanza safari ya kwenda Uganda kupitia bara, na Jones akawa msaidizi wake mkuu katika msafara. Walipofika Kwa Sundu, panapoitwa leo Mumias, askofu alitangulia na wapagazi 50 na kumwachia Jones wengine. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga pamoja na karibu watu wake wote. Ni Jones aliyepokea habari, akangoja mpaka tumaini likaisha, kisha akawaongoza waliosalia mamia ya maili kurudi Rabai mapema 1886, wakiwa na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, jina la Agano la Kale linalosema kwamba utukufu umeondoka. Miaka miwili baadaye askofu aliyemfuata Hannington, Henry Parker, naye alifariki kwa homa kusini mwa Ziwa Viktoria. Ukumbusho unaotajwa katika jina la kanisa kuu ni wa Hannington, na ni haki yake. Hata hivyo kanisa la pwani lisingeujua mwisho wa askofu wake namna ile, wala wapagazi wale wasingeziona tena familia zao, bila shemasi aliyewahi kuuzwa kama bidhaa.

Kuna anayeweza kupinga kwamba bila fedha, dawa na ulinzi wa wamisionari pasingekuwa na Frere Town ya kubaki ndani yake. Ni kweli, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa: ardhi ilinunuliwa kwa michango ya Uingereza, na hofu ya manowari ndiyo iliyowazuia wenye watumwa kukivamia kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1880. Lakini fedha inaeleza majengo, haielezi uhai. Kule Fuladoyo, bara ya Rabai, Wagiriama waliobatizwa na watoro waliowakimbia mabwana zao walianzisha kijiji chao cha Kikristo bila Mzungu mkazi hata mmoja, na kiongozi wao David Koi akauawa 1883 kwa ajili ya imani hiyo. Na ulinzi wenyewe ulikuwa na uchungu wake. Msimamizi wa Frere Town, Streeter, aliwachapa na kuwafunga watu hata malalamiko yakafika kwa konseli wa Uingereza na kwa shirika lake, akaondolewa. Mwisho wa Streeter una thamani katika hoja hii, kwa kuwa unaonyesha kwamba upendo wa watu wale haukuwa wa kugawa ovyo. Walijua nani wa kulilia na nani wa kushtaki.

Kipingamizi kingine kinatoka Mji wa Kale: kwamba upande huu wa kisiwa, wenye misikiti yake ya karne nyingi, misheni haikupata waumini wa kutajika, kwa hiyo haina historia hapa. Mombasa ilikuwa na kumbukumbu yake mbaya, maana wamonaki wa Mtakatifu Agostino walioletwa na Wareno mwaka 1597 walimalizwa katika uasi wa Sultani Yusuf bin Hassan mwaka 1631. Lakini kuhesabu waliobatizwa peke yake ni kipimo finyu. William Ernest Taylor, aliyefika 1880, alijifunza Kimvita kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na kwa msaada huo mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yalinusurika kupotea. Sikujua alibaki Mwislamu, Taylor alibaki kasisi. Wakazi walimjibu Taylor alipohubiri sokoni, wengine kwa hasira, naye alipoondoka aliacha hati ambazo wasomi wa Kiswahili wanazitegemea hadi leo. Kanisa kuu lenyewe, lenye kuba na matao yanayolifanya lifanane na msikiti, linakiri kwamba waliolijenga walijua wanajenga katika mji wa nani.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wale wanaosema kwamba machozi ya kuwaaga wamisionari yalikuwa alama ya kutawaliwa. Mwaka 1971, akiwa Marekani, Kasisi John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitaka wamisionari warudi kwao kwa muda ili makanisa ya Afrika yajitegemee. Wengi waliuona wito huo kama kukosa shukrani. Mimi nauona kuwa wa haki, na historia ya Mombasa inaunga mkono. Kutoka ushemasi wa Jones na Semler mwaka 1885 hadi 1964, Peter Mwang'ombe alipokuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Mombasa, ni miaka 79. Katika muda huo makasisi Waafrika waliongoza ibada, walibatiza, walizika, na mara kwa mara wakasindikiza askofu mmoja hadi melini na kumpokea mwingine. Upendo wao ulikuwa wa kweli. Kucheleweshwa kwao pia kulikuwa kwa kweli, na lawama yake iko kwa waliokawia kukabidhi.

James Mbotela, ambaye asili yake ni mateka wa Frere Town, aliandika kisa cha watu hawa katika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akiwataja Wazungu waliowaokoa kwa heshima kubwa bila kuwasahau waliookolewa. Kanisa kuu lina nafasi ya kufanya vivyo hivyo. Kalenda ya Kianglikana humkumbuka Hannington kila tarehe 29 Oktoba. Siku hiyo hiyo, katika ibada hiyo hiyo, litajwe jina la William Jones aliyewarudisha watu wake, na baada yake Semler, David, Koi na Nyondo.