Shule Inahitaji Mahali pa Kusimama

Jina la Kambi Muru ni historia tosha. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi wa King's African Rifles walipewa makao kwenye msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi. Wakauita Kibra, yaani msitu, na vijiji wakavipa majina ya makabila ya kwao: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Mwaka wa 1918 ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, ilitengwa rasmi kwa ajili yao. Ilitengwa tu, hati hawakupewa. Jiji lilipopanuka, ekari zikamegwa kidogo kidogo, na waliobaki wakaitwa maskwota.

Nayataja haya kwa sababu tukizungumzia shule za umma mtaani, huwa tunakimbilia karo na walimu. Mimi naona tuanzie kwenye udongo.

Karo imewahi kufutwa, tena si mara moja. Mwaka wa 1974 Mzee Kenyatta aliifuta kwa madarasa manne ya kwanza. Mwaka wa 1979 Moi akaongeza maziwa, yale maziwa ya Nyayo ambayo wazazi wetu bado wanayasimulia. Kila mara michango ya ujenzi ilirudi kupitia mlango wa nyuma, na mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ikasema wazi kwamba mzazi achangie gharama.

Kisha ikaja Januari 2003. Kibaki alitangaza elimu ya msingi bila malipo, na serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Ndani ya mwaka huo wanafunzi nchini waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Huku kwetu wazazi walifurika Olympic, shule iliyosifika kwa matokeo mazuri. Foleni si mchezo! Lakini tangazo halikuja na viwanja. Olympic, Ayany na Toi ziko pembeni mwa mtaa. Ndani, kulikobanana, serikali ingejengaje shule mahali ambapo kwenye makaratasi yake hapakai mtu?

Basi watu wakajijengea. Kanisa likageuzwa darasa, chumba cha mabati kikawa shule, na mwalimu akalipwa kile wazazi walichochanga. Mwaka wa 2009 vijana wa mtaa, kupitia Map Kibera, walianza kuchora ramani ya Kibera, maana kwenye ramani nyingi palikuwa doa tupu. Baadaye wakazihesabu shule pia, wakapata zaidi ya 300. Nyingi mno si za serikali.

Shule isiyo na ardhi haina usalama. Julai 2018, tingatinga za barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata zilibomoa nyumba na shule kadhaa za Kibera asubuhi moja. Septemba 2019, darasa la shule ya binafsi liliporomoka Ng'ando, huko Dagoretti, likaua watoto. Baada ya hapo zikafuata amri za kufunga shule zisizofikia viwango. Sawa, lakini zikifungwa watoto waende wapi?

Hata hivyo sijakata tamaa. Mwaka wa 2017 Wanubi walipata hati ya ekari 288, baada ya takriban miaka 100 ya kudai. Ni kipande kidogo cha zile 4,000, ila kinaonyesha kwamba serikali ikisukumwa inaweza kutoa hati. Ramani ya shule tunayo, na idadi tunayo. Kilichobaki ni kudai viwanja vya shule kwa jina la umma, kabla mtu mwingine hajavitia ua.

Ahadi ni deni. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, mgombea akija Kambi Muru au Kawangware kutuahidi madarasa, tumuulize maswali mawili tu: yatasimama kwenye kiwanja gani, na hati iko kwa nani?