Moto Uliotafuta Njia ya Pafuni

Mwaka 1862 Edwin Smith, Mmarekani aliyekuwa akiishi Luxor, alinunua gombo la mafunjo lililoandikwa mnamo 1600 kabla ya Kristo. Wengi hulitaja kuwa ushahidi kwamba Wamisri wa kale walichoma saratani ya matiti kwa moto. Ukisoma tafsiri ya James Henry Breasted ya mwaka 1930, mambo hayako hivyo hasa. Ulindi, kile kijiti cha kupekechea moto, unatajwa kwa ugonjwa unaoelekea kuwa jipu. Ama uvimbe mgumu, wa baridi, usio na usaha, tabibu wa gombo hilo aliandika kwamba hauna tiba. Mimi namheshimu kwa kujizuia.

Karne nyingi baadaye, Al-Zahrawi wa Córdoba alifungua kitabu chake cha upasuaji kwa vyuma vya kuchomea. Naye alikiri kuwa saratani iliyokomaa hajapata kuiponya. Chuma chekundu hufika pale jicho linapofika, na pafu limejificha nyuma ya mbavu.

Njia ilianza kufunguka Paris mwaka 1891, Arsène d'Arsonval alipoonyesha kuwa umeme unaogeuka zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde hupita mwilini bila kukaza misuli. Tarehe 1 Oktoba 1926, huko Boston, Harvey Cushing akautumia katika upasuaji kwa mashine ya William Bovie. Tarehe 1 Oktoba 1971, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ikapiga picha ya kwanza ya mgonjwa ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka). Tarehe zimelingana kwa bahati tu, lakini tiba ninayoifuatilia, ya kuchoma uvimbe wa pafuni, inahitaji vyote viwili: umeme wa kuchoma na jicho la kuona ndani.

Mwaka 1990 watafiti wa Italia na wa Marekani, kila kundi kivyake, walichoma ini la wanyama kwa sindano ya umeme. Kufikia 2000 madaktari wa Rhode Island walikuwa wameripoti wagonjwa wa mapafu waliotibiwa hivyo.

Mgonjwa hulala kwenye meza ya CT akiwa amepigwa ganzi na kutulizwa, au amelazwa usingizi kabisa. Sindano hupita kati ya mbavu, picha hupigwa, inasogezwa kidogo, picha tena, mpaka ncha ikae ndani ya uvimbe. Ncha haijapashwa moto kama chuma cha Al-Zahrawi. Umeme hutikisa chembe zenye chaji zilizomo ndani ya tishu, nazo husuguana na kuipasha tishu joto. Kwenye nyuzi 60 za Selsiasi seli hufa papo hapo. Ukivuka 100 tishu hukauka na kuwa makaa, umeme ukakosa pa kupita, na ukingo wa uvimbe ukasalimika. Mshipa mkubwa wa damu ukiwa jirani nao huiba joto. Pafu lililotobolewa laweza kuvuja hewa na kunywea, pengine likahitaji mpira wa kuitoa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu wagonjwa 106 wenye uvimbe wa sentimita 3.5 au chini, wengi wao wakiwa na saratani iliyotoka kwingine, hasa utumbo mpana. Miongoni mwa waliopimwa, kwa asilimia 88 uvimbe uliochomwa ulibaki umedhibitiwa kwa mwaka mmoja angalau. Huo ni uvimbe uliochomwa, si ugonjwa wote; mwingine waweza kuota pembeni.

Picha za wiki za mwanzo huwatia watu hofu, kwa sababu doa huonekana kubwa kuliko uvimbe wenyewe. Daktari huziweka picha hizo ziwe za kulinganishia, kisha husubiri miezi aone kama kovu linasinyaa.