Fundi wa Kibuye na Fundi wa Kerneli

Simu ya bei nafuu ikiflashiwa (ikiwekewa mfumo upya) vibaya, kosa lenyewe hujitangaza. Ukifungua orodha ya waifai unakuta mtandao usio na mwenyewe, umeandikwa "NVRAM WARNING: Err = 0x10". Mafundi simu wa Kibuye na Kondele, hapa Kisumu, wanaujua vizuri: chipu ya MediaTek imepoteza vipimo ilivyopewa kiwandani pamoja na anwani yake ya mtandao, nayo sasa inakisia tu.

Fundi wa Kibuye huitibu palepale. Huiunganisha simu na kompyuta, hufungua programu ya boksi kama Miracle Box, kisha hurudisha nakala ya vipimo kama ipo. Mteja ana haraka ya kurudi Dunga au Mbita, na malipo ni ya simu iliyopona. Mwanagenzi anatazama begani. Haandiki kitu.

Tangu ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipoisifu sekta isiyo rasmi ya Kenya mwaka 1972, jua kali, kama inavyoitwa, limependwa kwa uwazi wake, kwani anayetaka ujuzi husimama akatazama bati linavyokunjwa. Kwenye simu uwazi huo umepungua, na naona tunasita kulisema. Kinachoonekana ni kidole kikibonyeza kitufe. Kazi yenyewe imo ndani ya programu ya kulipia ambayo fundi mwenyewe haruhusiwi kuichungulia. Watu wanaofungua simu za mji mzima wanatumia zana zilizofungwa zaidi kuliko simu zenyewe.

Waandishi wa draiva huria, programu za kerneli ya Linux zinazoongoza chipu, wana desturi nyingine, nayo msingi wake ni maandishi. Chipu za waifai za Broadcom zilipokosa draiva ya Linux, kundi moja lilichambua draiva iliyofungwa na kuandika kwa maneno namna chipu inavyofanya kazi. Kundi la pili, ambalo halikuigusa draiva hiyo, lilisoma maelezo na kuandika yake mpya, ikaingia kwenye Linux 2.6.17 mwaka 2006. Ni utaratibu wa kuchosha, lakini uliwakinga na kesi ya kunakili, na aliyekuja baadaye alikuta karatasi inamngoja. Septemba 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria.

Simu zilifuata. Draiva ya wcn36xx, ya chipu za Qualcomm WCN3660 na WCN3680, iliingia kwenye Linux 3.13, iliyotoka Januari 2014. Mradi wa postmarketOS, ulioanza 2017 ukitaka simu iishi miaka kumi, unaitegemea kwenye simu kadhaa za zamani.

Hata hivyo chipu hizo huendesha programu yao ya ndani, iliyotiwa saini na kiwanda, na hakuna draiva huria inayoweza kuibadilisha. Kinachofanyika ni kuichota kwenye hifadhi ya simu ileile, pamoja na faili la vipimo vya redio. Faili hilo ni ndugu wa kile kilichopotea kwenye simu ya Kibuye. Kuiita simu ya namna hiyo huru bila kutaja programu hiyo iliyofungwa ni kujidanganya. Mbele ya chipu, fundi wa kerneli na wa Kondele wanaomba mlango mmoja. Tofauti yao ni kinachobaki mezani wakishaondoka.

Na draiva huandikiwa simu aliyonayo mwandishi. Waandishi wengi wa postmarketOS wako Ulaya, ndiyo maana OnePlus 6 yenye chipu ya Qualcomm imehudumiwa vizuri. Tecno, Infinix na itel zinazojaa mifuko ya Kisumu hutumia zaidi MediaTek na Unisoc. Draiva ya mt76 ya MediaTek imo kwenye Linux, ila huhudumia hasa ruta na laptopu. Maarifa ya namna chipu hizi za simu zinavyoharibika, zikikosa vipimo au zikipewa vya simu nyingine, yako kwenye vibanda vya Kibuye. Wanaohitaji kuyasoma ili waandike draiva wako Ulaya, na kati yao hakuna hata daftari moja.