Unameza dawa ya tezi na bado umechoka? Mwambie daktari haya

Leo niongelee uchovu usioisha, maana umenitesa mwenyewe. Tezi yangu ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, haitoi homoni ya kutosha, kwa hiyo kila siku nameza levothairoksini. Miezi ikapita, bado naamka hoi kama nimebeba zege usiku kucha. Nikataka kujiongezea kidonge kimyakimya. Bora sikufanya hivyo! Dozi ikizidi moyo unaenda mbio, usingizi unakata, na ikiendelea muda mrefu mifupa inadhoofika.

Kosa langu, nikifika kwa daktari nilikuwa nasema "nachoka" basi. Siku nilipoeleza kinagaubaga, akaniuliza kidonge nakimeza na nini. Nikamjibu: na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Kumbe! Madini ya chuma na kalsiamu ya kwenye maziwa yanaizuia dawa isiingie vizuri mwilini.

Kwa hiyo kabla hujaenda, andika haya kwenye karatasi:

1. Uchovu ulianza lini na unakuzuia kufanya nini. "Nasinzia kazini kila saa nane mchana" inamsaidia daktari kuliko "sijisikii vizuri".

2. Unameza saa ngapi, na nini, na umeruka siku ngapi. Sema ukweli, usione aibu. Kwa kawaida humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa 1 kabla ya kunywa chai. Vidonge vya chuma, kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vipishane nayo kwa saa 4.

3. Dawa zako nyingine zote, hata mitishamba. Biotini, ile vitamini ya nywele na kucha, inaweza kuvuruga majibu ya maabara.

4. Dalili nyingine: kusikia baridi, choo kigumu, hedhi nzito, kukoroma, huzuni. Dada ukihisi una mimba, wahi mapema, maana mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.

Ukiwa mbele yake uliza: "Daktari, TSH yangu ni ngapi, na ilipimwa lini?" Dozi ikibadilishwa, kipimo hicho hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kikiwa sawa na bado umechoka, usikubali kuondoka hivihivi. Uliza kama kuna chanzo kingine: upungufu wa damu, kisukari, upungufu wa vitamini B12, usingizi mbovu au sonona.

Mimi dozi haikuongezwa hata kidogo. Nilibadilisha saa za kumeza tu, nikarudi kupima, na sasa asubuhi naamka kama mtu.

Wewe je, chako unakimeza na nini? Karibuni tujadili.