Masi: njia ya umeme kurudi betrini

Pikipiki kuukuu ikiletwa gereji pale Base Camp, Nakivale, honi ikikoroma na taa ikififia kila breki inapokanyagwa, fundi aliyejifunzia kazi Kongo ataulizia masi. Mwenzake aliyefunzwa Mbarara ataulizia ethi. Aliyesoma vitabu vya Tanzania huenda akataja waya wa ardhi. Wote wanasema kitu kimoja. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro, Uganda, yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali hukutana humo kwenye pikipiki zilezile, mara nyingi kwa Kiswahili. Lakini fundi na mwanafunzi wake wakitofautiana neno, betri nzima huenda ikatupwa bure.

Umeme ukitoka betrini kwenda kwenye taa, sharti urudi betrini. Kwenda unapita kwenye waya. Kurudi, watengenezaji hubana matumizi ya waya kwa kuufanya mwili wa pikipiki wenyewe, yaani fremu na injini, kuwa njia. Chuma hicho kilichounganishwa na ncha moja ya betri ndicho masi. Neno limetoka kwa Kifaransa, masse, na limeingia Kiswahili cha Kongo pamoja na spana.

Nalipendelea kuliko ardhi. Nyumbani, waya wa ardhi huishia kwenye fimbo iliyozikwa udongoni, na kazi yake ni kuokoa maisha hitilafu inapotokea. Siku za kawaida haubebi mzigo. Pikipiki imesimama juu ya mpira na haina habari na udongo, na masi yake inafanya kazi kila taa inapowaka. Wapo wanaosema tuite hasi, basi. Hapana. Pikipiki nyingi za Kiingereza, kama BSA na Triumph, hadi miaka ya 1970 zilifunga fremu kwenye ncha chanya. Masi ni njia, hasi ni ncha, na mwanafunzi anayechanganya hayo mawili ataunguza kitu siku moja.

Ugonjwa wa masi ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu unajificha. Bodaboda ya huku hula vumbi kiangazi na tope masika. Mwenye nayo huchomelea keria nzito ya kubebea mizigo, kisha fremu nzima hupigwa rangi, hata pale penye bolti ya masi. Rangi haipitishi umeme, wala kutu haipitishi vizuri. Chukua taa ya wati 35 kwenye betri ya volti 12: kizuizi cha nusu omu tu kwenye bolti hiyo kitakula zaidi ya volti moja, na mwanga utapungua kwa karibu theluthi. Mwenye pikipiki atalaumu balbu.

Ipo dalili moja isiyodanganya. Washa indiketa, taa ya nyuma nayo ikipepesa pamoja nayo, usibadilishe chochote bado. Umeme wa indiketa umekosa masi pale nyuma, ukaamua kupita ndani ya balbu ya jirani ili urudi nyumbani.

Kupima kunataka mzigo uwe kazini. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utaonekana mzuri ukiupima pikipiki ikiwa imezimwa. Kwa hiyo washa taa, gusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha kishikizo cha balbu. Mita isome karibu na sifuri. Ikionyesha volti moja nzima, umempata mwizi. Asiye na mita atumie kipande cha waya: aunganishe hasi na kishikizo hicho, na mwanga ukiruka ghafla, dawa ni msasa, bolti kukazwa, na grisi kidogo juu yake. Hakuna haja ya safari ya Mbarara kununua betri.

Kugusa masi ni jambo jingine kabisa. Hapo waya wa chanya umechubuka, mara nyingi shingoni ambako usukani hukunja wayaringi kila kona, ukagusa fremu, fyuzi inakatika. Kwenye pikipiki nyingi za zamani zinazopata cheche kwa sumaku, swichi huzima injini kwa kuupeleka waya mmoja kwenye masi. Waya huo ukichubuka, kila taa itawaka, honi italia, na injini haitawaka ng'o. Uchomoe kabla hujanunua koili.

Wapo walimu wa fizikia wanaotumia masi kwa maana ya tungamo. Gerejini hakuna atakayechanganya maana hizo mbili. Wanaoandika vitabu vya mafunzo ya ufundi kwa Kiswahili waandike masi kwa vyombo vya moto, na ethi au ardhi waiachie nyumba.